Nimejaza simu maarifa, mtihani bado umenikalia

Shangazi shikamoo,

Naomba usinicheke, maana hata mimi nikisoma haya ninayoandika naona kama ni malalamiko ya mtu aliyekosa shida za maana. Ndoa iko vizuri, kazi ninayo, mtoto hajambo. Kinachonisumbua ni kwamba nimechoka kujua vitu, yani kichwa kimejaa mpaka basi, na hapohapo nikijiuliza mwaka huu nimefanya nini nakosa jibu.

Nikiamka nashika simu niangalie saa, saa yenyewe siioni, naanza na meseji zilizoingia usiku. Ofisini tuna magrupu matatu na watu ni walewale, tofauti ni kwamba kwenye moja bosi hayumo. Afu kuna la ukoo, la kina mama wa darasa la mwanangu, la tuliomaliza chuo pamoja (hili mimi ndo admin), la ujasiriamali, la uwekezaji, na la afya ambalo niliingia baada ya mama yangu kuambiwa ana kisukari. Hilo la afya ndo linanimaliza kabisa, leo mtu anatuma kwamba majani fulani yanashusha sukari, kesho mwingine anatuma kwamba hayohayo yamemlaza mtu hospitali, na mimi nasoma zote mbili na zote nawatumia ndugu zangu.

Sasa ongeza YouTube. Nafuatilia wanaofundisha ushonaji kwa sababu nina cherehani na wateja wachache nawashonea wikiendi, nafuatilia watu wa kupanga muda, wa malezi, wa hisa. Podikasti nasikiliza njiani kwa spidi ya mara mbili ili nimalize nyingi. Kozi za onlaini nimejiandikisha, kuna ambazo nimeishia kwenye video ya kukaribishwa. Skrinshoti ndo usiseme, simu inanilalamikia kila siku kwamba nafasi imejaa, nikifungua nifute naona kila moja ina maana, naacha.

Na nina mtihani wa mwisho wa uhasibu, ule wa bodi. Nimeshaahirisha.

Ngoja nikueleze jana ilivyokuwa maana hata leo bado naiwaza. Mtoto amelala, nimekaa mezani na laptopu, nikasema leo nafanya swali moja tu la hesabu za pamoja za kampuni mama na kampuni tanzu, maana hapo ndo pananishinda. Mstari wa tatu wa swali unasema mzigo ambao kampuni hizo ziliuziana bado uko stoo, kwa hiyo kuna faida ya kuondoa, nikasahau inaondolewa upande gani. Nikaenda YouTube. Mwalimu anaeleza vizuri tu, ila chini kwenye komenti mtu kaandika fulani ndo anaeleza vizuri zaidi, nikamtafuta huyo fulani, ana plelisti ndefu, nikaisevu. Yeye anasema notsi zake ziko Telegram, nikajiunga, nikadaunlodi, kule Telegram mtu anauliza kama silabasi imebadilika, nikashtuka, nikaenda kwenye grupu letu la chuo kuuliza, nikakuta wanajadili mambo mengine kabisa na mimi nikachangia. Nakuja kustuka mume wangu anazima taa ya sebuleni ananiuliza kama nimemaliza. Nikamwambia leo nimejifunza vingi. Swali lenyewe liko palepale mstari wa tatu.

Mume wangu anasema nifute kila kitu ninunue kitochi. Rafiki yangu wa kazini anasema shida yangu sina mpangilio, kanielekeza apu anayoitumia yeye ya kupanga notsi, ina mafolda na rangi na lebo. Mimi vyote viwili naviogopa. Bosi anatuma kazi WhatsApp hata usiku, na kuna siku niliweka grupu la ofisi sailenti wakabadilisha muda wa kikao, nikaingia wakati watu wanatoka, niliaibika sana. Na ukweli mwingine shangazi ni kwamba naogopa kubaki nyuma. Watu siku hizi wanajua vitu, ukikaa kimya mezani unaonekana umelala.

Nianzie wapi? Na hilo grupu la chuo natokaje wakati mimi ndo admin?

Aliyejaa Mpaka Juu

---

Marahaba mwanangu.

Sikucheki hata kidogo. Kitochi usinunue. Na hiyo apu ya mafolda na rangi usiiweke, angalau sio sasa. Ukinunua kitochi, kabla wiki haijaisha utakuwa na kitochi mkononi na simu kubwa kwenye mkoba "ya kazi", na hapo umeongeza simu hujapunguza. Rafiki yako naye anakutakia mema, lakini wewe ninavyokusoma utaanza na video za jinsi ya kuitumia hiyo apu, na ujue kuna watu wana chaneli nzima za kufundisha namna ya kupanga notsi, utazisevu zote.

Barua yako nimeirudia na kuna kitu kimenigusa. Magrupu umeyaeleza moja moja, podikasti umenitajia mpaka spidi yake, skrinshoti umezilalamikia vizuri sana. Mtihani umeupa sentensi mbili, na ya pili ni neno moja, "Nimeshaahirisha", hapo umeweka nukta ukaruka kwenda kwingine. Nikajisemea huyu mtoto tatizo analijua, ila hataki kukaa nalo chumba kimoja. Maana kitu usichokijali hukiahirishi mwanangu, unakisahau tu.

Kwa hiyo mimi sitakushauri kuhusu taarifa kwanza. Nitakuuliza unataka nini, kwa sababu ambaye hajaamua anachotaka kila taarifa kwake ni ya maana. Hebu angalia, umenitajia mtihani, ushonaji, uwekezaji, malezi, na sukari ya mama. Vyote vizuri, hakuna cha kipuuzi hapo. Lakini vyote vitano umevipa cheo sawa, kwa hiyo kila kinachoposti kuhusu kimojawapo kina haki ya kukuita na wewe unaitika. Ndo maana kufuta skrinshoti kunakushinda, unashika hii unasema itanifaa kwenye biashara, ile itamfaa mama, na kweli ingefaa, ila kwa mtu mwenye maisha matano.

Kuna mchumi mmoja wa Marekani, Herbert Simon, yule aliyepata Nobel mwaka 1978, hili alishalisema tangu 1971, kabla hata ya hizi simu. Alisema taarifa nazo zinakula, na chakula chake ni umakini wa yule anayezipokea, kwa hiyo pale zinapokuwa nyingi kinachopungua ni umakini. Mimi napenda alivyoiweka maana inaondoa ile aibu unayoibeba. Hujawa mvivu wala kichwa chako hakijaharibika. Una umakini wa mtu mmoja na umewafungulia mlango walaji wengi.

Sasa chagua. Najua hutaki kuchagua, unataka nikuambie namna ya kuvibeba vyote, watu wote wanaoniandikia wanataka hivo hivo. Mimi ningekuwa wewe ningeangalia kipi kati ya vitano kina tarehe. Ushonaji hauna tarehe, mwakani utakuwepo, cherehani haiozi. Mtihani una tarehe, na kila ukiahirisha unarudi kusoma ulichokwishasoma kwa sababu umekisahau, hiyo ni gharama ambayo huihesabu. Kwa hiyo kuanzia leo mpaka siku ya mtihani, kitu cha kujifunza ni kimoja. Vingine utavifanya, sikatai, lakini hutavisoma. Naomba uielewe hiyo tofauti maana ndo kila kitu katika jibu langu. Wateja wako wa wikiendi endelea kuwashonea kwa ujuzi ulionao, mbona wanarudi? Video mpya ya kukata kola haitakuongezea mteja mwezi huu. Mtoto utamlea kama ulivyokuwa unamlea, na ukweli ni kwamba mtoto anahitaji uso wako zaidi ya nadharia za mtu wa podikasti. Uwekezaji uache kabisa kwa sasa. Hapo patauma, najua, ila mtu anayesoma habari za hisa kila siku na hana mpango wa kununua hisa anasoma stori tu kama stori nyingine.

Mama ni jambo la peke yake, sitaki upite haraka. Kisukari ni ugonjwa wa kufuatilia vipimo vyake yeye, dawa zake yeye, na mwili wake yeye. Grupu la watu wengi haliwezi kujua figo zake zikoje wala anatumia dawa gani, na hayo majani wanayotumiana yanaweza yakagongana na dawa aliyoandikiwa, tena sukari ikishuka kupita kiasi nayo ni hatari, sio kupanda tu. Toka humo. Badala yake chukua daftari, andikeni vipimo vyake vya nyumbani kama anapima, na kila swali linalowajia liandikwe humo, siku ya kliniki mnaulizana na daktari au nesi anayemjua. Na hizo meseji unazowatumia ndugu zako acha leo hii, maana wewe unalalamika umejazwa huku na wewe unajaza wenzako. Nimekusema kidogo hapo, utanisamehe.

Turudi kwenye jana yako. Ile hadithi ya mstari wa tatu naomba uisome tena kama vile kaiandika mtu mwingine. Ulikwama sehemu moja ndogo, faida inaondolewa upande gani. Hilo jibu liko kwenye kitabu chako, na ulilipata kwa mwalimu wa kwanza, umesema mwenyewe alieleza vizuri. Baada ya pale hukuwa unatafuta jibu tena. Ulikuwa unakimbia swali, ila unakimbia kwa heshima, kwa sababu kila hatua ilikuwa inafanana na kusoma. Kusevu plelisti kunaleta ile raha ya kwamba jambo limeshughulikiwa, mtu unashusha pumzi kabisa. Hakuna kilichoshughulikiwa. Ndo ulevi wa wasomi huo, na ni mgumu kuuona kwa sababu hakuna atakayekugombeza kwa kudaunlodi notsi.

Na kwa mtihani hasa, kukusanya ndo njia mbaya kuliko zote. Mwaka 2006 watafiti wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio lao, wanafunzi walipewa vifungu wavisome, wengine wakarudia kuvisoma tena na wengine wakajipima kwa kukumbuka bila kuangalia. Wakipimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Wakipimwa baada ya wiki, waliojipima ndo waliokumbuka zaidi. Sasa ona mtego ulipo, njia mbovu ndo inayokufanya usiku ule ujisikie umeelewa. Ulipomwambia mumeo umejifunza vingi hukumdanganya, kweli ulijisikia hivo.

Kwa hiyo chagua kitabu kimoja na seti moja ya notsi, hata kama sio bora duniani. Notsi zingine zote usizifungue. Chukua mitihani ya nyuma ufanye maswali, kwenye karatasi, laptopu imefungwa. Ukikwama, andika pembeni "upande gani?" uendelee na swali kwa kubahatisha mpaka mwisho, likiisha ndo unafungua kitabu uangalie ulipokosea. Utakosea sana mwanzoni na utajisikia mjinga. Vumilia hapo hapo, maana hapo ndo unapojifunza, na ndo hasa ulipokuwa unapakimbia jana. Video ruhusa moja tu, ya kile kitu ulichokosa na kitabu kimeshindwa kukueleza, na komenti za chini usisome kabisa. Nimesema kabisa.

Simu wakati huo mpe mumeo. Amesema ufute kila kitu, basi mwambie hivi, sifuti ila nikikaa mezani wewe ndo mshika simu, akipiga mtu pokea, kama ni dharura niite. Wanaume wengine wanapenda kazi za kulinda, atafurahi. Usiiweke tu kifudifudi mezani ukajidanganya umeiacha.

Unaweza ukajiuliza kwani dakika moja ya kuangalia ina nini. Mtafiti Sophie Leroy mwaka 2009 alionyesha kwamba ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, hasa kama ya kwanza hujaimaliza, sehemu ya akili yako inabaki kule ulikotoka, na ile ya pili unaifanya vibaya zaidi. Ukiangalia grupu ukakuta ubishi, hata ukirudi kwenye kampuni tanzu bado kichwani unamjibu yule mtu. Utakaa mezani saa nzima huku umesoma nusu.

Na usijilaumu kwa kushindwa kuiacha, kwa sababu vitu hivi vimetengenezwa na watu wanaojua wanachofanya. Ile skroli isiyo na mwisho, ambayo huhitaji hata kubonyeza ukurasa unaofuata, aliibuni Aza Raskin mwaka 2006 na mwenyewe baadaye amejitokeza hadharani kusema anajutia. Zamani ukurasa ulikuwa unaisha, unapumua, unaamua kama unaendelea. Sasa hivi hakuna pa kuamulia. Ongeza kwamba hujui utakutana na nini, mara kumi unakuta upuuzi, mara moja unakuta kitu kizuri kweli, na kutojua huko ndo kunakurudisha. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alishaliona zamani kwa wanyama wa maabara, ukiwapa zawadi kwa mpangilio usiotabirika wanaendelea kubonyeza hata zawadi ikichelewa mno. Kwenye YouTube kuna kitu wengi hawakijui, ingia kwenye mipangilio uzime historia ya ulivyotazama na ufute iliyopo, ule ukurasa wa mwanzo utabaki karibu mtupu, hakuna mapendekezo. Utalazimika kuandika unachotafuta. Inashangaza jinsi usivyokuwa na la kuandika.

Haya, magrupu. Kwa kila moja jiulize hivi, grupu hili likifutwa leo usiku na hakuna atakayenitangazia, nitagundua lini, na nitagundua kwa kukosa nini? La uwekezaji hutagundua. La ujasiriamali labda baada ya miezi. La kina mama wa darasa utagundua siku mtoto anatakiwa aende na kitu shuleni ambacho hukuambiwa, kwa hiyo hilo linabaki, lakini kumbuka unachohitaji humo ni matangazo, zile salamu na picha sio lazima uzione siku hiyohiyo.

Unayobaki nayo yaweke sailenti "daima" kisha uyapeleke kwenye kumbukumbu, ile WhatsApp inaita arkaivu. Tangu 2021 ukiliweka grupu huko linabaki huko hata meseji mpya zikiingia, halirudi juu kukutolea macho, ila mtu akikutaja kwa jina au akijibu meseji yako unapata taarifa. Hiyo ndo dawa ya ile aibu ya kikao. Mwambie mwenzako mmoja wa ofisini unayemwamini, jambo likibadilika na linanihusu nitaje. Watu wanafanya hivo wala haiwagharimu. Yale ambayo hutagundua yamefutwa, toka. Usiage kwa hotuba. Tangu 2022 ukitoka wanaoarifiwa ni maadmin peke yao, ingawa jina lako litaonekana kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60 kwa mwenye kazi ya kuchungulia. Afu nenda kwenye faragha ubadilishe nani anaweza kukuingiza kwenye grupu, weka wale uliosevu namba zao tu, la sivyo utatoka kwenye manne uingizwe kwenye sita.

La ukoo usitoke. Hapo sitaki ujanja wa mtandaoni, kutoka kwenye grupu la ukoo ni tangazo la ugomvi hata kama hujagombana na mtu. Liweke sailenti, mpigie dada yako mmoja au shemeji umwambie una mtihani, kukiwa na msiba au mgonjwa nipigieni simu. Simu ya kupigwa bado ipo, tumeisahau tu. Na wazee wakisikia ni mtihani watakuombea, hawatanuna.

Bosi ndo pagumu. Ufaransa tangu Januari 2017 wana sheria inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kuzima mawasiliano baada ya kazi, kwa hiyo sio wewe peke yako unayeteseka, mpaka serikali zimekaa kulizungumza. Ila wewe usisubiri sheria. Mimi ninavyohisi bosi wako anatuma usiku kwa sababu ndo anakumbuka usiku, na anajua usipojibu utajibu asubuhi, isipokuwa hujawahi kumjaribu. Mwandikie mchana, wakati wa kazi, kitu kama hiki: "Bosi, najiandaa na mtihani wa bodi, kwa hiyo jioni simu huwa siko nayo karibu. Ukinitumia kazi usiku nitaiona na kuanza nayo asubuhi nikifika. Kama kuna la dharura naomba unipigie." Usiombe msamaha wala usieleze sana. Kama ni bosi wa uhasibu atapenda kusikia unafanya mtihani, kama ni wa aina nyingine angalau utajua mapema umekaa na mtu gani. Usiku ukiona meseji yake, usijibu kwa sababu tu umeiona. Ukijibu mara moja umeshafuta ulichomwandikia.

Skrinshoti usizipange. Najua nafasi imejaa, hamisha zote kwenye laptopu, kwenye folda moja lisilo na mafolda madogo ndani, liandike mwaka, funga. Ukihitaji kitu utalitafuta, na mimi naamini hutalifungua. Kulikuwa na huduma ya kusevu makala za kusoma baadaye, Pocket, ya watu wa Mozilla, watu walikuwa wanajaza humo miaka na miaka, Julai 2025 ikafungwa. Sasa fikiria orodha yako wewe ikifungwa hivo kesho, ni vitu gani ungeweza kuvitaja kwa kichwa? Hivyo ndo ulivihitaji. Na kozi ambazo umeishia video ya kukaribishwa zisikusumbue roho, hakuna anayekudai.

Kuhusu kubaki nyuma nikuambie ukweli, wiki za mwanzo utabaki nyuma kweli. Watu mezani watacheka kitu hukijui. Uliza, "nini tena hicho?" uone wanavyogombania kukuhadithia, hakuna kitu binadamu anapenda kama kumpa mwenzake habari. Utapata kwa dakika mbili kilichowachukua wenzako jioni nzima, tena kikiwa kimechujwa. Habari za dunia sikiliza mara moja kwa siku, jioni, taarifa ya habari moja basi. Kikubwa kikitokea hutakikosa, kitakufuata mpaka jikoni.

Podikasti sikukatazi zote, njiani una haki ya kuburudika. Ila hiyo spidi ya mara mbili irudishe iwe ya kawaida. Unakimbizana na nani?

Na grupu la chuo. Umeshikilia uadmini kana kwamba ni urithi. Humo lazima kuna mtu mmoja anayeposti sana, anayekumbusha bethidei za watu, huyo mfanye admin leo, umwambie pembeni kwamba unatingwa mpaka mtihani uishe. Ukishampa unaweza kukaa humo kimya kwenye arkaivu au kutoka, vyovyote. Ila mteue kwanza, maana ukitoka ukiwa admin pekee WhatsApp yenyewe itamchagulia mtu yeyote wadhifa huo, na ukibahatika vibaya itamwangukia yule wa kutuma linki za kamari.

Shangazi